Tochi ya Mzee Nyakundi Mdomoni mwa Injini

Vijana wangu, Jumapili baada ya kanisa mlinizunguka na simu zenu mkanionyesha ndege inakimbia, inatema moto ubavuni, halafu inasimama katikati ya njia. Chepkemoi, mjukuu wa jirani yangu hapa Kedowa, akaniuliza, "Kogo," yaani bibi, "hiyo ndege ilikuwa mbovu ama pilot aliogopa tu?" Mwingine nyuma yake akasema kampuni kama hiyo ifungwe kabisa. Mimi nilikuwa na njaa na ndama wangu analia kule bandani, nikawaambia nitawaandikia. Sasa nimeandika. Someni yote, si mistari miwili halafu mrudi kwa picha.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye yule bibi wa nyumba ya mabati ya kijani, juu ya kituo cha kupimia chai. Nilikuwa fundi wa injini za ndege za abiria kwa miaka thelathini na mmoja, Nairobi, katika kampuni ambayo jina lake tuliache. Kabla ya hapo nilikuwa mchungaji wa ng'ombe. Baba hakuwa na mtoto wa kiume wa umri wa kuchunga, kwa hiyo ng'ombe wake kumi na kitu waliangukia kwangu. Nasema kumi na kitu kwa sababu sijui walikuwa wangapi. Kwetu Wakipsigis ng'ombe hawakuhesabiwa kwa kidole. Baba aliamini ukimnyooshea ng'ombe kidole ukamtaja kwa namba, unamtafutia balaa. Jioni nilisimama langoni nikawatazama wakiingia, na kama mmoja hayupo nilijua, jinsi mama anavyojua mezani ni mtoto gani hajaja kula. Shikeni jambo hilo, maana ndilo lililonitia matatani.

Lakini nianze na swali la Chepkemoi. Ndege ile haikuwa mbovu kuliko nyingine, na rubani hakuogopa. Alifanya kazi aliyofundishwa.

Kabla ndege haijaondoka, marubani hukaa na kupiga hesabu. Ina uzito gani, joto ni kiasi gani, upepo unatoka wapi, njia ina urefu gani, ina maji au ni kavu. Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka kuliko ingekuwa Mombasa. Kutokana na hayo yote wanapata kasi moja. Sisi mafundi tuliiita kasi ya kuamua. Kabla ya kasi hiyo, kukitokea shida kubwa, rubani anaweza kufunga moto, yaani kukata nguvu ya injini, kupiga breki na kusimama huku bado ana lami mbele yake. Baada ya hapo lami haitoshi tena. Lazima aondoke na shida yake, apande nayo juu, azunguke na kurudi kutua. Wala msishtuke, ndege ya injini mbili hupanda kwa injini moja, na hilo hupimwa kabla haijaruhusiwa kubeba mtu hata mmoja.

Siku mkipanda na mkabahatika kuona ndani ya chumba cha marubani, mtazameni kapteni. Mkono wake unakaa kwenye vishikio vya moto wa injini wakati wote ndege inakimbia. Mwenzake anasoma kasi kwa sauti. Ile kasi ya kuamua ikitajwa, kapteni anaondoa mkono pale, makusudi, asije akashawishika kufunga moto wakati umeshapita.

Na si kila shida inasimamisha ndege. Ikiwa bado inakwenda polepole, rubani atasimama hata kwa taa ndogo ya onyo, maana kusimama hakumgharimu kitu. Ikishashika kasi anasimama kwa mambo machache tu: moto, injini kufa, au jambo linalomfanya aone kwamba chombo hiki hakitaruka. Injini nayo ina njia nyingi za kukataa. Shinikizo la mafuta linaweza kuanguka. Joto linaweza kupita kiasi. Wakati mwingine kifaa cha kupima kinasema uongo na injini ni nzima kabisa, lakini rubani hana sekunde za kubishana nacho. Wakati mwingine hewa inavurugika ndani, injini inakohoa, na mnasikia mshindo kama gurudumu la lori limepasuka, na ndimi za moto zinatoka. Hiyo ndiyo mliyoiona kwenye simu. Na wakati mwingine injini imemeza kitu. Kinaweza kuwa korongo, jiwe, kipande cha mpira, au kitu kilichosahauliwa na fundi.

Hapo ndipo ninaingia mimi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Nyakundi. Mkisii, lakini amezaliwa Kericho kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, baba yake akichuma. Alizungumza Kipsigis vizuri kuliko vijana wangu wa leo, akakitumia hasa kunitukana. Alikuwa mfupi, ovaroli yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ya suruali inasimama, na alikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Ukimaliza kazi, kabla hujafunga injini, unagusa kila kifaa chako kwa kidole na kukihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Siku hizi kila kifaa kina shimo lake ndani ya sanduku, kina alama inayosomwa na mashine, na kifaa kikikosekana kompyuta inakataa ndege isiondoke. Wakati wetu kulikuwa na sanduku la bati, trei mbili, na mdomo wa Nyakundi.

Mimi nilishindwa na kile kidole. Msinicheke. Nilijua spana si ng'ombe, nilikuwa nimesoma, nilikuwa na cheti. Lakini mkono ulikuwa mzito. Nikafanya kama nilivyofanya langoni kwa baba. Nilivipa vifaa vyangu majina: Madoa, Kipara, Pembe Moja, Mama Mkwe, ambayo ilikuwa koleo isiyopenda kufunguka. Nilifungua sanduku, nikavitazama mara moja, na kama kimoja hakipo nilijua ni kipi. Kwa miaka kumi na mmoja sikupoteza hata bisibisi. Nyakundi alininung'unikia.

"Nyinyi watu mnahesabu na macho," alisema. "Ndio maana ng'ombe zenu zilikuwa zinapotelea kwetu."

"Hazikupotea, Mzee. Mlikuja mkazichukua."

"Na hamkujua ni ngapi!"

Alicheka mpaka akaegemea gurudumu. Nami nilicheka, nikaendelea na njia yangu, kwa sababu nilikuwa na kiburi. Niliona watu wanaohesabu kwa kidole ni watu wasiojua mali yao.

Asubuhi ya siku ya kosa langu kulikuwa na manyunyu. Rubani wa ndege iliyoingia alikuwa ameandika kwamba injini ya kulia inatetemeka kidogo, na ndege hiyo hiyo ilitakiwa kuondoka tena. Kazi yangu ilikuwa kuingia kwenye mdomo wa injini na kukagua mapanga ya feni, panga moja moja, mbele na nyuma, kwa kioo na tochi. Tochi yangu ikazimika, betri zimekwisha. Nikamwomba Nyakundi yake. Ilikuwa tochi fupi nyeusi, imevishwa mpira, na ubavuni imechongwa namba yake ya kazi, kama vifaa vyetu vyote.

Nilikagua vizuri. Nataka mjue hivyo, si kujisifu. Mapanga yalikuwa mazima, moja lilikuwa na uchafu, nikalipangusa, na huo ndio uliosababisha mtetemo. Nilikuwa bado nimelala humo ndani, kioo mkono wa kulia, tochi mkono wa kushoto, ndipo mtu akaita kutoka chini kwamba abiria wameanza kupanda na karatasi inangojwa. Nikaiweka tochi chini kando yangu ili nipate mkono wa kujishikia, nikateremka. Nikafungua sanduku langu. Nikatazama. Madoa yupo, Kipara yupo, Mama Mkwe yupo, wote wapo. Nikatia sahihi.

Mmeona kosa? Macho yangu yalitafuta uso uliokosekana katika kundi langu, na kundi langu lilikuwa kamili. Tochi ile ilikuwa mgeni. Ng'ombe wa jirani akilala nje, wewe langoni kwako hutagundua kwamba hayupo. Kidole cha Nyakundi kingenikumbusha, kwa sababu yeye cha kuazima alikihesabu kwanza.

Kapteni wa safari hiyo aliitwa Barasa, kijana bado, mpole, mtu wa kuwauliza mafundi hali za watoto wao. Alizunguka ndege yake kama inavyotakiwa na akatazama mdomo wa injini. Tochi nyeusi, mpira mweusi, sakafu ya injini imelowa, mwanga hafifu. Hakuiona. Injini zikawashwa. Katika mwendo wa pole pole tochi ilikaa pale pale, kwa sababu ule mpira haukuiacha iteleze.

Mimi na Nyakundi tulikuwa mlangoni mwa hanga, lile banda la kutengenezea ndege, tukiwa na vikombe vya chai. Ndege ikaanza kukimbia. Ikapita mbele yetu ikiwa na kasi kubwa, ndipo tuliposikia mshindo, kisha mwingine. Moto ukatoka mbele na nyuma ya injini ya kulia. Pua ya ndege ikavuta kulia, ikarudi, na hapo hapo tukasikia injini ya pili ikigeuzwa kusukuma kinyume. Nilihesabu taa za kando ya njia zilizobaki mbele yake. Ndiyo, siku hiyo nilihesabu. Ilisimama zikiwa zimebaki tisa.

Magurudumu yalitoa moshi, kisha yakakaa chini moja baada ya jingine. Hilo nalo liwatulize: breki zikishika joto kupita kiasi, vizibo fulani kwenye gurudumu huyeyuka vyenyewe vikatoa upepo taratibu, kusudi gurudumu lisilipuke. Zimamoto wakafika. Hakukuwa na moto wa kuzima. Abiria walishushwa kwa ngazi, wote salama, isipokuwa mama mmoja aliyeuma ulimi. Kikundi kimoja kilianza kuomba pale pale kwenye lami. Bwana mmoja wa tai alimfuata Kapteni Barasa akimpigia kelele, "Wewe unajua mimi niko na mkutano saa nne? Nani atalipa hiyo?" Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia pole, akageuka kutazama injini yake.

Baadaye alitwambia kwamba mshindo ulikuja mwenzake akiwa amefungua mdomo kutaja kasi ya kuamua, na hajaitaja.

Mkuu wetu wa hanga, tuliyemwita Bosi, alitazama mdomo wa injini, akaona mapanga manne yamepinda, akasema, "Korongo." Kila mtu akakubali, maana uwanja ulikuwa na korongo wengi na korongo hafukuzwi kazi. Lakini hakukuwa na unyoya. Hakukuwa na damu. Ikaamuliwa injini ishushwe ifunguliwe mchana.

Nyakundi akanijia nilipokuwa nimesimama.

"Chebet. Tochi yangu iko wapi?"

Nilijua mahali ilipokuwa kama ninavyojua jina langu, na nilijua kwamba wakifungua injini watapata vipande, na kwamba kipande kimojawapo kitakuwa na namba yake, si yangu. Yeye alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume aliyekuwa mgonjwa nyumbani Kedowa. Aliyepatikana na kosa hilo alipoteza leseni, na bila leseni wewe ni mtu wa kufagia hanga.

Nyakundi alinitazama usoni akasoma yote. Hakupaza sauti.

"Nenda ukunywe chai," akasema. "Mimi nitaongea na Bosi. Mtu mzee anasahau tochi yake, hiyo inaaminika. Watanifanya nini na miezi mbili?"

"Watakunyima marupurupu ya kustaafu, Mzee."

"Niko na migomba. Enda."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, kuliko pale pa tochi. Nilikwenda. Nilikwenda kantini, nikaagiza chai, nikainywa yote. Nilijiambia ameamua mwenyewe. Nilijiambia mkubwa akikuamuru unatii. Nilijiambia watoto. Watu husema ajali haina kinga, na mimi pia nilikuwa nimeanza kulisema moyoni, mimi niliyelipwa mshahara kwa sababu ina kinga.

Kikombe kilipokwisha nikaanza kufikiri juu ya kesho. Kesho ningefungua injini nyingine na Nyakundi hayupo. Watu wangemsema, mzee alizeeka, alikaribia kuua watu, na mimi ningekuwa nimesimama hapo na spana mkononi nikitikisa kichwa pamoja nao. Nikaona kwamba hilo nikilianza leo sitaweza kulisimamisha wiki ijayo, wala mwaka ujao. Kama ni kusema, ni sasa. Nikainuka. Sikuwa jasiri hata kidogo. Nilipitia msalani kwanza.

Nyakundi alikuwa amekaa mbele ya Bosi. Karatasi ya kukiri kosa ilikuwa mezani, imeandikwa kwa ule mwandiko wake mzuri, na sahihi imeshatiwa.

"Ni mimi," nikasema.

"Toka nje," Nyakundi akasema kwa Kipsigis.

Bosi alitutazama wote wawili. "Tochi ni moja na niko na watu wawili," akasema. "Nani aliiweka huko ndani? Na aliiweka na mkono gani?"

"Kulia," Nyakundi akasema upesi.

"Kushoto," nikasema mimi. "Mkono wa kulia ulishika kioo. Niliiweka chini kushoto, penye namba saba ya uso wa saa, karibu na mapanga, nikateremka. Mzee hakuingia kwa hiyo injini. Alikuwa chini ya bawa la pili, watu watatu walimwona."

Bosi akairudisha karatasi kwa Nyakundi bila kuisoma tena. Nyakundi akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Tulipotoka nje aliniambia, "Wewe msichana ni mjinga sana," na machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuzungumza nami kwa wiki nzima. Mchana walifungua injini. Walikuta kipande cha mpira na kipande chenye namba mbili za mwisho za Nyakundi.

Leseni yangu ilizuiwa mwaka mmoja. Nilirudi Kedowa nikachuma chai, na naweza kuwaambia kwamba mtu aliyezoea spana akichuma chai, anarudi na kikapu kilichojaa majani magumu na karani wa kituo anamcheka mbele ya watu. Mume wangu hakunilaumu. Mtoto wetu mkubwa alikosa muhula mmoja wa shule, na hilo liliniuma. Nyakundi alistaafu kwa heshima na sherehe na keki. Mwezi uliofuata alikuja kututembelea na mkungu wa ndizi begani, akala, akalala siku mbili, akamfundisha mume wangu kutengeneza redio. Habari ya tochi hakuigusa.

Mwaka ulipokwisha nilifanya mitihani upya. Walinirudisha, lakini kwa miezi mitatu nilishika tu taa nikiwamulikia wengine. Kisha asubuhi moja Bosi akanipa injini nzima, peke yangu. Niliifunga. Kabla ya kuifunga niligusa kila kifaa kwa kidole, kwa sauti, nikianza na vya kuazima, na vijana wa hanga wakaacha kazi wakinisikiliza.

Katika kitabu cha ndege kuna mahali fundi anatia sahihi kwamba kazi imekwisha. Chini yake kapteni anatia yake kwamba ameipokea. Ana haki ya kukataa. Akikataa, hatoi hata sababu.

Kapteni wa asubuhi hiyo alikuwa Barasa. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Alisimama chini ya ngazi, akafungua kitabu, akasoma jina langu. Abiria walikuwa wameshaanza kutoka kwenye basi nyuma yake, na katikati yao mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni.

"Ni wewe umefunga hii?" akauliza.

"Ni mimi, Kapteni."

"Watoto wanaendelea aje?"

"Wako shule. Wote."

Akatoa kalamu mfukoni, akaweka kitabu juu ya goti lake, akatia sahihi chini ya jina langu.